Pima ya Malkia

Kisiwa cha Bidara, 3 Muharram 1301

Babu yangu mpendwa,

Najua barua huanza kwa salamu, lakini nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama kawaida yangu. Kwa hiyo natanguliza jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Kamba niliyokuletea Rajabu iliyopita si pima ya malkia. Ni pima yangu.

Sasa salamu. Mimi ni mzima. Shangazi Melur ni mzima pia, kikohozi kimempungua, na paka wake amezaa ndani ya kapu la mchele. Tuko wasichana tisa kwa Mwalimu Khamsiah. Mimi ni wa pili kwa kusoma na wa mwisho kwa kusema. Akiniuliza jambo ninalolijua, natazama mkeka mpaka anachoka na kumuuliza mwingine.

Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Ulinieleza vizuri kwamba nyumba hukatwa kwa pima ya mwanamke atakayekuwa mwenyewe, mikono ikinyooshwa, kutoka ncha ya kidole cha kati mpaka ncha ya kidole cha kati. Ulisema nguzo mama ikikatwa kwa pima ya mwingine, nyumba itamngoja huyo mwingine. Ulinipa sahani ya yasmini iwe kisingizio, kamba nikaificha kiunoni, na neno la kumwomba anyooshe mikono nilitakiwa kulisema katika sikio la malkia peke yake. Ulinichagua mimi kwa sababu mwanamume hawezi kumpima, na kwa sababu ulijua sitapayuka.

Ngazini nilimkuta Senik, yule msichana anayebeba kijaluba cha tambuu cha malkia. Alinitazama nilivyoinama, akasema, "Wewe umeleta maua au umekuja kuyazika?" Wenzake wakacheka. Niliingia masikio yakiniwaka moto. Malkia alikuwa amekaa akitazama ukuta, nywele amezifungua, na nadhani alikuwa ametoka kulia. Akaniuliza kama nina neno. Nikamwita Tuanku, kama wamwitavyo wote, nikasema ni salamu tu. Akanipa andazi la wali, nikatoka.

Nyuma ya mtungi wa maji nilishika ncha ya kamba kwa kidole cha kushoto, nikaivuta mpaka cha kulia, nikafunga fundo kwa meno. Ulipoipokea uliibusu na kuigusisha kichwani. Neno lilikuwa mdomoni mwangu kabisa. Ukaniuliza kama nimekula.

Pak Deris wa mashua ya mchele amesema nguzo mama imeshasimamishwa. Babu, je, inaweza kung'olewa? Niambie nifanye nini, nami nitafanya.

Mjukuu wako,
Embun


Kuala Jelatang, 19 Safar 1301

Kwa mjukuu wangu Embun, mwenye macho ya msomi na mdomo wa kufuli,

Salamu zangu kwako, kwa Melur na kwa paka mzazi. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko mnajimu wa mfalme. Hapa tunakula duriani mpaka wachongaji wanashindwa kuinama.

Barua yako ilifika imelowa. Sijui kama ni mvua au ni Deris aliikalia. Nilichoweza kusoma ni salamu na habari za paka. Yaliyo juu ya hapo yalikuwa wino mtupu. Usijisumbue kuyaandika tena. Tangu mwezi huu barua zote zinazoingia na kutoka bomani husomwa kwanza na karani wa mfalme, mtu mwema mwenye mwandiko mzuri, nami namsalimu hapa apitishapo macho yake.

Uliwahi kuniomba habari za kazi yangu ili uziandike kitabuni. Haya, andika. Hili ni jumba langu la nne. La kwanza nilikuwa nikizoa vumbi la mbao chini ya baba yangu. Liliungua kwa taa moja iliyoanguka. La pili nililijenga mwenyewe kwa baba wa mfalme huyu. Bibi yako alifariki nikiwa juu ya paa lake, nami sikushuka mpaka boriti ya juu ilipokaa. Mama yako hakunisamehe mpaka alipokufa naye. La tatu lilichukuliwa na mto. Hili la nne ni la mti wa chengali mtupu, nguzo arobaini, na halina msumari hata mmoja. Kila ulimi umeingia tunduni mwake kwa kigingi cha mbao. Ukipiga nguzo moja kwa ngumi, zote hujibu.

Andika na hili, kwa kuwa unapenda mambo ya kale. Nguzo mama ikishasimama na kusomewa dua, haiguswi. Na anayemletea fundi kamba hatajwi, wala na fundi wala na yeye mwenyewe, ili mwenye husuda asijue pa kupitia. Baba yangu aliniapisha hivyo, naye aliapishwa.

Soma sana. Usije likizo hii. Njia ina homa.

Babu yako,
Mahat, fundi


Kisiwa cha Bidara, 8 Rabiulawal 1301

Babu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima. Paka wamebaki watatu, mmoja amechukuliwa na Mwalimu. Goti nalisalimu.

Nimefurahi kwamba salamu ziliokoka. Nilichukua karatasi iliyoandikwa nikaimwagia maji, nione wino unavyofutika. Ulifutika wote pamoja, juu na chini. Labda maji ya huko ni tofauti.

Pak Deris hasemi habari za homa njiani.

Malkia hajambo? Nauliza tu. Namwombea kila baada ya sala, na sijawahi kumwombea mtu nisiyemjua kwa namna hii.

Embun


Kuala Jelatang, 25 Jamadilawal 1301

Kwa mjukuu wangu,

Salamu, na samahani kwa ukimya. Mdomo wa mto ulifungwa na mawimbi, kisha barua hii ikalala kwa karani siku kumi na mbili. Nimepungua mwili, lakini saruni bado inakaa kiunoni. Wachongaji wanakusalimu, hasa yule mzee anayekuita Shehe.

Jumba limekwisha. Malkia aliingia tarehe kumi Rabiulakhir, kwa ngoma na wali wa manjano. Siku hiyo aligonga paji la uso kwenye mlango wa chumba chake, watu wakacheka, naye akacheka. Siku ya tatu akagonga tena mahali pale pale. Sasa huingia ameinama, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Anasema mbao hunyamaza anapoingia chumbani, kama watu waliokuwa wakimsengenya. Mwezi uliopita mimba yake ya miezi minne ilitoka.

Mfalme amemleta mganga wa nyumba, Tok Jenal, kutoka juu ya mto. Mtu huyo hazungumzi. Alishika nguzo mama siku nzima, kisha akaomba fimbo yangu ya kipimo, iliyokatwa kwa urefu wa kamba. Bibi mmoja mzee akampima malkia, na fimbo ikapungua vidole vinne. Malkia akasema hajawahi kupimwa na mtu yeyote.

Niliitwa. Niliulizwa nani alileta kamba. Nikajibu kwamba nilikata fimbo kwa kamba niliyoletewa, na mletaji hatajwi. Mfalme anaijua sheria hiyo, baba yake aliiheshimu. Hakunilazimisha. Alisema tu, "Basi tutaiuliza fimbo."

Sasa wanapima wanawake. Walianza na mke mdogo wa mfalme, maana wote walimfikiria yeye. Hakulingana. Wamepima watumishi wa ndani na wa jikoni, na wiki hii wameanza na kijiji cha wafinyanzi. Wanasema mwanamke atakayelingana ndiye aliyeiba nyumba. Nini kitafuata, sijaambiwa.

Lakini tuzungumze mambo ya furaha. Nakutumia blauzi kwa mkono wa Deris. Mshonaji ameishona kwa kipimo cha mikono ninachokijua vizuri. Sasa yaonekana itakutosha sawasawa. Kula, mjukuu wangu. Kula samaki, kula mayai, mwambie Melur akupikie maboga kwa nazi. Ning'inia kwenye boriti ya jikoni kila asubuhi kama popo, ni mazoezi mazuri. Siku blauzi itakapokuwa fupi mikononi, niandikie maneno mawili tu, kwamba imebana. Nitafurahi kuliko nikisikia umehitimu.

Babu yako


Kisiwa cha Bidara, 2 Rajabu 1301

Babu,

Salamu. Shangazi ni mzima, kikohozi kimerudi lakini si sana. Mwalimu amenipa kitabu cha nyota nikinakili.

Blauzi ilinitosha sawasawa siku ilipofika. Nilikaa nayo chumbani nikaielewa, nikaikunja nikaificha chini ya mkeka. Shangazi alidhani rangi haikunipendeza.

Ninakula. Ninaning'inia kwenye boriti. Wenzangu wanasema, "Embun, unaiva lini tukuchume?" Nami nacheka nao. Kila Ijumaa naivaa blauzi, nanyoosha mikono mbele ya ukuta. Bado haijabana.

Sikujua kwamba mtu anaweza kuomba dua ya kuota mifupa.

Embun


Kisiwa cha Bidara, 21 Shaabani 1301

Babu,

Salamu. Sote wazima.

Imebana.

Embun


Kuala Jelatang, 1 Ramadhani 1301

Kwa mjukuu wangu kipenzi,

Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Nilisoma barua yako nikakaa juu ya rundo la mbao nikacheka peke yangu, mpaka wachongaji wakauliza kama mzee amechanganyikiwa. Salamu kwa Melur. Mfungo umeanza vizuri. Mvua ni kidogo, uji ni mwingi.

Blauzi hiyo ichome, au mpe mtoto mdogo wa kisiwa kingine.

Kupima kumekwisha. Amepatikana aliyelingana na fimbo, ncha kwa kucha. Ni Senik, mbeba kijaluba. Walikuwa wamempita mwanzoni kwa sababu alikuwa kwao, mamake akiugua. Amewekwa chini ya ulinzi kwenye ghala la mpunga. Anakana, na anawatania walinzi. Alimwambia mmoja kwamba kama yeye ndiye mwenye jumba, basi wote ni wapangaji wake na waanze kufagia. Siku mbili hizi hatanii tena.

Mfalme ameniamuru nichimbe shimo chini ya jumba, kando ya nguzo mama, kina cha kifua cha mtu. Sikuambiwa ni la nini. Nimechimba.

Wewe soma. Umekua sasa. Mambo ya huku si yako tena.

Babu yako
Mahat


Kisiwa cha Bidara, 9 Ramadhani 1301

Babu,

Salamu. Sote wazima.

Nimeisoma barua yako tangu alasiri mpaka futari. Umeandika habari za shimo kwa mistari mitatu, na za furaha yako kwa mistari mitano. Nakupenda kuliko mtu yeyote aliye hai, lakini nauliza, na karani naye asome kama anataka: Senik ana kosa gani? Alichofanya ni kuzaliwa na mikono ya urefu fulani.

Najua umekula kiapo. Mimi sijaapishwa na mtu. Ukinyamaza mpaka mwisho wa Ramadhani, nitakuja.

Embun


Kuala Jelatang, 24 Ramadhani 1301

Kwa Embun binti Yusuf, Kisiwa cha Bidara. Baada ya salamu na amani.

Mimi Mahat, fundi wa majumba manne, natamka maneno haya na karani wa mfalme ananiandikia kwa hisani yake, kwa kuwa mkono wangu wa kulia umepumzishwa kazi.

Nilisema mbele ya baraza kwamba hapakuwa na kamba yoyote, nilikata fimbo kwa kukisia. Hawakuamini. Walisema fundi Mahat hakisii, na kwamba namficha msichana wa kijaluba kwa sababu alinihonga. Kwa uongo huo nimelipa. Kwa kosa lenyewe bado hajalipa mtu, na mfalme atakata shauri baada ya Idi.

Kesho napelekwa juu ya mto, mahali pasipo na nyumba za mbao. Sina maumivu makubwa. Hili ndilo jumba zuri kuliko yote niliyojenga, na sikupata kulala ndani yake hata mara moja.

Barua yako ya tarehe tisa ilifika imelowa. Sikuweza kusoma chochote. Usije.


Chini ya jumba, Kuala Jelatang, 6 Shawali 1301

Babu yangu,

Salamu. Shangazi Melur hajambo, ila nilimwacha akilia. Karani ameniahidi kwamba barua hii itakufuata juu ya mto, na nadhani ataitimiza ahadi, maana alinipa karatasi yake mwenyewe na hakunitazama machoni.

Nilipoona mwandiko si wako, nilijua kabla ya kusoma. Asubuhi yake nilisimama darasani bila kuulizwa. Nilimwambia Mwalimu Khamsiah jambo lote mbele ya wasichana wanane, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Hakuna aliyecheka. Mwalimu alifunga kitabu akaniuliza kama ninajua ninakokwenda. Nikasema ninajua. Akanivua ushungi wangu wa shule akanivika wake, kwa sababu ulikuwa mpya.

Idi ilinikuta mashuani na Pak Deris. Siku ya nne ya Shawali tulifika. Nililiona jumba lako kutoka kwenye kona ya mto, Babu. Sikujua kwamba kitu nilichokiharibu kingeweza kuwa kizuri hivyo.

Mlangoni nilisema nimeleta pima ya nyumba. Walinipeleka chini, kwenye nguzo mama, karibu na shimo. Shimo ni safi, kuta zake zimenyooka. Niliitambua kazi yako. Senik aliletwa, amekonda, mikono imefungwa mbele. Malkia alishuka ngazi na Tok Jenal. Mfalme yuko kwenye mdomo wa mto na atarudi Ijumaa.

Nilieleza kila kitu, sahani ya yasmini, mtungi wa maji, fundo. Malkia alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Niliona haya, Tuanku."

"Haya tu?"

"Haya tu."

Alikaa kwenye ngazi. Ana mikono mirefu, sasa niliiona vizuri. Akasema polepole, "Ungeniomba tu. Ningenyoosha."

Tok Jenal hakutaka maneno. Alimwita yule bibi mzee na fimbo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Si kwa ajili ya shimo, ingawa nilijua ni la kumzika atakayelingana. Niliogopa kwa sababu nimekua vidole viwili, nawe ulinilisha kwa barua ili nikue, na kama nisingelingana wangesema nimetumwa kuja kumwokoa Senik, kisha wangemrudisha ghalani. Ukweli wangu ulikuwa umepita kipimo chake.

Nililofanya ni hili. Nilinyoosha mikono, lakini nikavuta mabega ndani na kuinamisha shingo, kama nilivyosimama maisha yangu yote mbele ya watu. Bibi alipitisha fimbo mgongoni mwangu. Ncha moja ilifika kwenye kucha ya kidole changu cha kushoto, ya pili kwenye ya kulia. Tok Jenal akatazama, akaigonga nguzo mama kwa ngumi. Nguzo zote arobaini zikajibu, na sakafu juu yetu ikalia kidogo, kama mtu anayejigeuza kitandani. Akasema, "Huyu ndiye."

Walimfungua Senik. Alipita mbele yangu, kisha akarudi, akanifunga vizuri ushungi uliokuwa umelegea. Aliniambia, "Nyooka basi, mzika maua. Wamekwisha kupima." Kisha akatembea kuelekea kwao, nami nikamtazama mpaka alipovuka daraja.

Malkia amesema nisifungwe kamba, nikae hapa chini mpaka mfalme arudi, na kwamba atazungumza naye. Hakusema atazungumza nini. Hakuna mlinzi aliyetaka kunishika mkono kunionyesha mahali pa kukaa. Wananiogopa kwa sababu ya nyumba. Basi nilikwenda mwenyewe. Nilichagua upande wa nguzo mama unaotazama mto, nikatandika saruni yangu, nikaketi mgongo ukiwa umenyooka, nikaomba karatasi.

Leo ni Jumatano.

Mjukuu wako,
Embun